Usiilete usiku

Tulimzika Mama tarehe 14. Mwenye nyumba, kwa heshima ya msiba, alituambia tusiwe na haraka, kisha akakumbuka kusema kwamba mpangaji mpya anaingia tarehe mosi. Nyumba yenyewe iko Langa Langa, vyumba viwili vya kulala na sebule, na Mama alikuwa ameijaza kwa miaka 11 kwa bidii ya mtu aliyewahi kukosa kila kitu.

Kaka yangu alikuwa anarudi Mombasa kwa basi la usiku, akaondoka na televisheni. Mdogo wetu akachukua mtungi wa gesi na vile vyombo vya wageni ambavyo sisi wenyewe hatukuwahi kulia. Mimi nikachukua cherehani, ingawa sijui kushona hata kifungo. Vilivyobaki niliachiwa kwa sentensi moja: "Wewe uko hapa Nakuru, wape wenye shida."

Wenye shida. Kana kwamba wako mahali fulani wamepiga foleni, wakingoja kabati.

Niliandika orodha nyuma ya ratiba ya mazishi. Kochi la watu saba, lenye vitambaa vya kufuma. Friji ndogo. Vitanda viwili na magodoro mawili. Kabati la vyombo. Meza ya kulia na viti vitatu, vilivyokuwa vinne. Sufuria 14, nyingine bila vifuniko. Karai, ndoo, mapazia, blanketi, jiko la makaa, redio iliyokuwa ikishika idhaa moja tu na Mama akairidhia. Nilikadiria siku mbili. Ikawa siku kumi na nne, na ya mwisho nikaimaliza mpangaji mpya akiwa mlangoni na mswaki wake mkononi.

Mtu wa kwanza niliyempigia simu nitamwita Mama Pacha, maana ana mapacha na ndivyo ploti nzima, yaani wapangaji wote wa ua wao, inavyomwita. Anakaa Rhonda. Kwa muda mrefu alikuwa akija kumfulia Mama kila Jumamosi, na wakimaliza wanakunywa chai wakisengenya kanisa zima. Miezi michache kabla ya msiba wetu alikuwa amefungiwa nyumba kwa kodi ya miezi minne. Kufuli lilining'inia mlangoni, vitu vikabaki ndani, na mwishowe vikaenda kulipa deni. Alihamia chumba kingine na watoto watatu, gunia la nguo na jiko. Nikasema moyoni, huyu hapa mwenye shida, tena namjua. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema: "Njoo uchukue kochi."

Alikuja siku iliyofuata. Akatoa pole, akakaa kidogo kwenye kiti cha plastiki, si kwenye kochi. Kisha akainuka, akalizunguka lile kochi, akapima upande mmoja kwa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, akahesabu kimyakimya.

"Asante sana, dada. Lakini kochi sitaweza."

Sitasema uongo, niliona nimetukanwa. Shangazi yangu, aliyekuwa jikoni akifunga vikombe kwa magazeti, alisubiri Mama Pacha atoke kwenda msalani ndipo akanong'ona: maskini akipata matako hulia mbwata. Nami nilicheka, na kicheko kile kinaniaibisha hadi leo.

Kwa sababu aliporudi alinieleza, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Chumba chake ni futi kumi kwa kumi. Kitanda kiko nyuma ya pazia. Mbele ya pazia kuna jiko, ndoo za maji, na nafasi ambayo mchana ni sebule na usiku ni mahali pa kulala mapacha. Kochi la watu saba likiingia humo, watoto watalala wapi? Juu yake, wawili, wakikunja miguu, mpaka lichanike. Na mlango wake hauzidi futi mbili na nusu.

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini.

Mama Pacha ana mkopo wa kikundi. Anayejua vikundi vya kina mama vya mkopo anajua utaratibu: unapochukua pesa, maafisa na wenzako wanakuja nyumbani, wanaandika vitu vyako. Televisheni, kochi, meko ya gesi, redio. Vikundi vingine huandika hata kuku. Ukishindwa kulipa, wanarudi na ile karatasi na kijana wa mkokoteni. "Nikiwa na kochi kama hili," akaniambia, "wiki ijayo limeshaandikwa. Na mwenye ploti akiliona, siku nitakayomwomba anisubiri hadi tarehe kumi ataniuliza, kochi hili ulinunua na nini? Kochi litanisemea uongo, dada."

Watu wa zamani walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Mimi nilikuwa nimemletea chumvi mtu ambaye hakuomba, na nikakasirika kwamba chungu chake hakikutosha gunia.

Nilimuuliza basi anataka nini. Swali dogo, ambalo ningeliuliza kwenye simu na kumwokolea nauli. Alitaja bila kufikiri, kama mtu aliyekwisha kuipanga orodha kichwani: sufuria mbili zenye vifuniko, moja kubwa ya maharagwe. Ndoo yenye kifuniko, kwa sababu Rhonda maji ya mfereji huja yanapotaka. Blanketi. Pazia, lakini lile zito, si la maua, maana la maua linaonyesha ndani taa ikiwaka.

"Na ile meza," akasema.

"Meza sitoi," nikajibu, haraka kuliko nilivyokusudia.

Inabidi nieleze kuhusu meza.

Sisi ni watu wa upande wa Molo. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliondoka kwa lori, usiku, tukafikia uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ambako maelfu ya watu walilala kwenye mahema mwaka ule wa 2008. Mama aliondoka na sisi watoto watatu, sufuria moja, na kichwa cha cherehani yake alichokifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Miguu ya chuma na meza yake vilibaki, na nadhani viliungua. Serikali ilipoanza kufunga kambi, familia zilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Wenzetu wengi walirudi mashambani. Mama alikataa kurudi, akapanga chumba Rhonda, akawa na fundi ndani yake na cherehani isiyo na mahali pa kukaa.

Mwalimu wangu wa darasa la sita alijua. Nadhani alijua kwa sababu nilikuwa naandika kazi ya ziada nikiwa nimelaza daftari juu ya sufuria iliyopinduliwa, na mistari ilikuwa inaonyesha. Usiku mmoja, umeme ukiwa umepotea, tulisikia magurudumu ya mkokoteni nje. Alikuwa yeye na kijana mmoja, na meza na viti vinne. Hakuingia. Alisema tu kwamba nyumbani kwake imepata meza nyingine na hii inamzibia njia. Kesho yake shuleni hakunitazama kwa namna yoyote tofauti.

Mama aliisimulia habari hiyo maisha yake yote. "Alituletea usiku," alikuwa akisema, "ili tusionekane tunapewa." Bila shaka ploti nzima ilijua kufikia saa moja asubuhi. Lakini kwa Mama hesabu haikuwa nani amejua. Alitoboa ile meza matundu mawili, akakaza kichwa cha cherehani kwa bolti, akakizungusha kwa mkono, na kwa meza hiyo akashona sare za shule mpaka tukahama Rhonda, mpaka tukamaliza kidato cha nne wote watatu. Baadaye alinunua cherehani yenye meza yake, na ile ya Mwalimu ikarudi kuwa ya kulia chakula. Matundu yako pale hadi leo, watoto wa wageni hupenda kuingiza vidole.

Kwa hiyo, meza hapana. Mama Pacha alielewa, au alijifanya kuelewa. Akaondoka na sufuria, ndoo, blanketi na pazia, amevifunga kwenye karai kichwani.

Siku zilizofuata ndizo zilizonifundisha kazi, maana kutoa vitu ni kazi kama kazi nyingine, ina vifaa vyake na ina makosa yake.

Nilianza na magodoro. La Mama lilikuwa futi 4 kwa 6, inchi 8, zima. La chumba cha wageni lilikuwa limebonyea katikati kama karai. Nilitaka kutoa yote mawili. Jirani, mwanamke mwenye macho makali, aliligeuza lile la pili, akafungua zipu, akanionyesha kwenye mshono vidoa vyeusi vidogo kama ncha ya kalamu. Kunguni. Mdudu huyu mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kuonja damu, akiwa amejibana kwenye mshono au kwenye tundu la msumari. Ukimpa mtu godoro lenye kunguni, kwa kweli umeipa ploti yote, kwa sababu kuta za mabati na mbao hazimzuii. Na atakayelaumiwa na majirani ni yule mpokeaji, wewe uko kwako unalala. Kuna wanaosema lianikwe juani. Jua la Nakuru, mji ulio juu kiasi hiki, hukausha nguo vizuri, lakini kuua kunguni ndani ya godoro ni jambo jingine. Tulilichoma nyuma ya nyumba, na vitanda tukavimwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo kabla ya kuvitoa.

Hapo nikapiga hatua kisha nikakwama tena, kwa sababu kitanda kizuri chenye chaga zote na bolti zake nne nilikuwa nacho, godoro safi nilikuwa nalo, na hakuna aliyekitaka.

Wa kwanza alinyamaza nilipotaja kwamba ni vya marehemu, kisha akakumbuka kwamba ana kitanda. Wa pili aliuliza waziwazi: "Alifia hapo?" Nikamwambia hapana, alifia hospitalini, kitandani hapo alilala tu. Akafikiri. Akasema atamuuliza mumewe, na simu yake haikupatikana tena. Sikumlaumu. Katika nyumba nyingi za huku kwetu nguo za marehemu zina watu wake wa kugawana na siku yake, na kitanda hakiguswi ovyo. Mimi mwenyewe sikuweza kulala juu yake usiku ule wa kwanza, nikalala kwenye kochi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshangaa mwenzangu. Kilichukuliwa na kijana wa bodaboda aliyeoa majuzi. Alisikiliza hadithi yote, akakishika ubao wa kichwani, akautikisa kuona kama umelegea. "Ni sawa tu," akasema. "Ila mke wangu usimwambie."

Nilimfungia bolti kwenye mfuko wa plastiki na kuukaza kwa utepe kwenye ubao wa pembeni. Hili nalitaja kwa sababu nimewaona watu wazima wakitoa kitanda na kusahau bolti kwenye droo. Kitanda bila bolti ni kuni.

Friji ilinipa somo fupi. Nilimpigia dada mmoja wa Kaptembwo anayeuza maziwa, nikidhani nimempatia biashara. Kwenye ploti yao umeme umo ndani ya kodi, na mwenye ploti amekataza friji, koili ya kupikia na pasi. Akikamatwa na friji anaongezewa kodi au anahamishwa. Friji ya bure ingemgharimu chumba.

Binamu yangu aliyeko Leeds, anayefanya kazi ya kuwatunza wazee, alicheka nilipomsimulia. Kule Uingereza, anasema, ukitaka kutoa kochi kwa duka la hisani, jambo la kwanza wanageuza mito kutafuta lebo ya moto. Kanuni zao za mwaka 1988 zinadai kochi liwe la sponji na kitambaa kisichoshika moto upesi, kwa kuwa sponji za zamani ziliwaka haraka na moshi wake uliua watu usingizini. Lebo ikikatwa, hata kochi liwe jipya namna gani, hawalichukui. Nilimwambia huku hatuna lebo. Akaniambia, basi nyinyi mna majirani wenye macho. Nikamkumbuka yule aliyefungua zipu ya godoro.

Sitaki kuonekana kama nawasema watoaji wengine, ingawa kidogo nawasema. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua na kuteremkia Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Miaka sita kabla yake, 9 Mei 2018, bwawa lilipasuka Solai. Kila mara walikufa watu zaidi ya 40, na waliobaki hawakuwa na kijiko. Nilikwenda Mai Mahiu wiki iliyofuata na marafiki, tukiwa na gari moja la vitu. Nilichokiona pale ni kilima cha nguo. Suti za harusi. Viatu virefu vya mguu mmoja mmoja. Makoti ya baridi ya nchi nyingine. Mama mmoja alikuwa akichakura kwa fimbo, kwa subira, nikamuuliza anatafuta nini. Alikuwa anatafuta sufuria. Nguo alikwisha kupata, alivaa tatu. Unga wa msaada alikuwa nao pia, kilo mbili, mikononi, na hakuwa na cha kuusongea.

Sisi tulikuwa tumeleta nguo.

Tangu siku ile nikiulizwa, sufuria ndiyo kitu cha kwanza ninachotaja. Sufuria na kifuniko chake, mwiko, ndoo, kisu. Hakuna anayejivunia kutoa mwiko. Haupendezi kwenye picha. Na picha, kwa bahati mbaya, ndizo zinazoamua mengi. Kikundi kimoja cha hisani hapa mjini, ambacho sitakitaja, kilikubali kuja kuchukua vitu vya Mama kwa gari lao, bure. Sharti likawa kila atakayepokea apigwe picha ameshika alichopewa, na bango la kikundi nyuma yake. Nilifikiria mtu mzima ameshika karai mbele ya bango. Nikakumbuka kambi ya uwanja wa maonyesho, mgeni mmoja akituambia sisi watoto tunyanyue sahani juu, juu zaidi, ili zionekane. Niliwaambia asante, nitatafuta mkokoteni.

Mkokoteni ni shilingi 700 kutoka Langa Langa hadi Rhonda, kama mzee hana haraka na wewe huna kiburi cha kutotembea nyuma yake. Pikapu ni mara tatu au nne ya hiyo. Nataja bei kwa sababu nimegundua kwamba watoaji wengi hudhani zawadi inaishia mlangoni pao. "Vipo, njooni mchukue." Mama anayefua nguo za watu kwa shilingi 400 kwa siku atoe wapi 2,500 za pikapu? Kabati la bure lisilo na usafiri ni kabati linalouzwa, na bei yake ni pikapu. Na kitu kikivunjika wiki ya pili, gharama ya kukipeleka jalalani Gioto ni yake pia.

Kabati la vyombo lilikwenda kwa mlinzi wa usiku wa mtaa wetu, kijana aliyekuwa anahamia chumba chake cha kwanza. Tulipima mlango wake kwa kamba kabla ya kulibeba. Kamba ile, yenye fundo mahali mlango unapoishia, ndicho kifaa bora nilichowahi kutumia katika kazi hii.

Kochi niliuza. Ndugu zangu walinuna. Kaka alisema vitu vya Mama haviuzwi, naye alikuwa amekaa Mombasa akitazama mpira kwenye televisheni ya Mama. Mfanyabiashara wa fanicha za mitumba alianza na shilingi 8,000, tukaishia 12,000, vitambaa vikiwa nje ya hesabu. Pesa hizo zilinunua godoro jipya la futi 4 kwa 6 la mapacha, zikalipa mikokoteni yote, na chenji kidogo. Naamini Mama angefanya hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa kuuza kuku ili anunue sare, si wa kumpelekea mtu kuku asiye na banda.

Friji pia niliuza.

Ikabaki meza, na ikabaki siku tatu.

Nilikuwa na mpango wa kuichukua mimi. Nikaipima kwa kamba ile ile. Nyumba yangu ina meza. Ingekaa kwenye korido, karibu na cherehani nisiyoweza kuishonea, na watoto wangu wangeigonga kwa magoti usiku wakienda msalani. Ingekuwa imenizibia njia. Nilipojisikia nikisema maneno hayo nikanyamaza, nikaketi juu yake, jambo ambalo Mama hakuruhusu mtu kulifanya.

Pia niliuliza bei ya mpya. Ukataji wa miti kwenye misitu ya serikali ulipigwa marufuku Februari 2018, na katazo likasogezwa mbele tena na tena hadi Rais alipotangaza kuliondoa Julai 2023, akiwa Molo. Miaka yote hiyo mbao za saiprasi, ambazo zamani ziliteremka kutoka Elburgon kama mahindi, zilipanda bei, na mafundi wengi wakahamia ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Unapendeza siku ya kwanza. Ukideki sakafu mara ishirini, miguu inakunywa maji, inavimba kama mandazi, skrubu zinatoka, na hakuna fundi anayeweza kuutibu. Meza ya Mwalimu ni saiprasi tupu. Imemwagiwa uji, chai, mafuta ya taa na mafuta ya cherehani. Ukiipiga msasa inarudi kama mpya. Meza kama hiyo haikai kwenye korido.

Nilimpigia Mama Pacha. Nikamwambia ameshinda, meza ni yake. Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kufanya. Ningeileta usiku, kama Mwalimu. Nilijiona tayari: mkokoteni, giza, mimi nikikataa kuingia, nikisema inanizibia njia. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hii tangu darasa la sita bila kujua.

"Nitaileta saa mbili usiku," nikamwambia, "watu wakiwa ndani."

Kukawa kimya kidogo.

"Usiku? Dada, hapana. Usiilete usiku."

"Sitaki wakuone unapewa."

"Wanione! Meza ikitembea usiku kwenye ploti watasema nini? Watasema nahama na kodi ya mtu. Askari wa geti atafunga. Ama waseme imeibwa. Lete mchana. Lete Jumamosi, saa nne, watu wote wakifua."

Niliileta Jumamosi, saa nne. Mzee wa mkokoteni aliifunga miguu ikiwa juu, viti vitatu katikati yake, nami nikatembea nyuma nikishika kiti kimoja kisianguke, kupita sokoni, kupita kanisani, jua likituwakia. Kwenye geti la ploti kina mama waliacha ndoo zao. Mabeseni matano, mapovu hadi viwikoni. Meza iliingia mlangoni kwa ubavu, kama kamba ilivyosema, ikabaki nafasi ya vidole viwili.

Mapacha waliyaona matundu kabla ya kitu kingine chochote.

Jirani mmoja, ambaye baadaye niliambiwa ndiye mweka hazina wa kikundi, alikuja akasimama kizingitini akijipangusa mikono kwenye leso. Akaisifu. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaisikiliza, akauliza ni mbao gani. Macho yake yalikuwa yanahesabu.

Mama Pacha alikuwa ameinama akifuta vumbi la njiani. Hakuinuka. Alipaza sauti tu, ikafika kwenye mabeseni yote matano:

"Ni ya marehemu, mama. Aliitumia mpaka siku aliyokufa. Wewe andika tu ukitaka."

Yule mama aliutoa mkono wake mezani taratibu, akasema pole na msiba, akarudi kwenye nguo zake.